Kaka yangu anaamini chanjo ni njama, na mimi nimemwaibisha mbele ya ukoo

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mhasibu, ninaishi Tabata na mume wangu, wanetu wawili wa kiume, na binti wa kaka yangu mwenye umri wa miaka 12. Binti huyu yuko kwangu tangu mama yake alipofariki, kwa kuwa kaka aliona mtoto wa kike anayekua bila mama ni vizuri alelewe na shangazi yake, nami nilimpokea kwa moyo mmoja. Kaka mwenyewe anaishi Mbagala. Ni fundi umeme aliyefanya kazi kiwandani kwa miaka 19 hadi alipopunguzwa pamoja na wenzake, akazungushwa miezi mingi kuhusu mafao yake, na tangu hapo anaishi kwa kazi za mtaani, kufunga nyaya kwenye nyumba za watu, leo ipo na kesho haipo.

Nakuomba ujue tangu mwanzo kwamba kaka yangu ni mtu mwenye akili sana. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano, na kaka, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20, aliacha mipango yake yote akanilipia ada. Jioni alikuwa akinifundisha hesabu kwa chaki kwenye mlango wa bati wa nyumba tuliyopanga, na hakuniruhusu kwenda kulala mpaka nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe kwa nini jibu ni lile na si jingine. Uhasibu wangu ulianzia kwenye mlango ule.

Wifi yangu, mama wa binti huyu, alifariki miaka minne iliyopita kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alizungushwa hospitalini karibu mwaka mzima, majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili kilichokatwa ili kupimwa saratani, yakapotea, na ilipokuja kujulikana ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Tatizo lilianza kama mwaka mmoja baada ya msiba, kaka alipojiunga na makundi kadhaa ya WhatsApp ya watu wanaojiita waliofunguka macho. Alianza kututumia kwenye kundi la ukoo habari za minara ya simu, kisha za mchele wa plastiki, kisha za chanjo. Tulikuwa tunanyamaza kwa heshima. Mwaka huu shule ya binti ilileta karatasi ya kuwajulisha wazazi kwamba wahudumu wa afya watakuja kutoa chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Nilimpigia kaka kwa kuwa yeye ndiye baba mzazi, naye akakataa katakata. Usiku ule ule akaweka kwenye kundi la ukoo ujumbe wa sauti wa dakika saba, wa mtu anayejiita daktari asiyetaja jina wala kituo chake cha kazi, anayesema kwamba chanjo hiyo ina dawa ya kufunga kizazi, kwamba ndiyo maana inatolewa bure na kwa wasichana tu, na kwamba wazungu hawaitumii kwao.

Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimjibu mbele ya watu 43, wakiwemo wakwe, wajomba na watoto tunaowalea, nikakanusha kila neno, kisha nikamalizia kwa kuandika kwamba mtu aliyemzika mke wake kwa saratani hiyo hiyo alipaswa kuwa wa mwisho kusambaza upuuzi wa namna hii. Wapo waliotuma alama za makofi. Kaka alijitoa kwenye kundi usiku huo. Huu ni mwezi wa pili hapokei simu yangu, na fedha za matumizi ya mwanawe anamtumia mume wangu, bila salamu kwangu.

Nina maswali matatu. Inakuwaje mtu aliyenifundisha mimi kudai sababu ya kila jibu aamini mambo ya mtu asiyejulikana hata jina? Je, nimsikilize mume wangu, anayeshauri tumpeleke binti zahanati kimyakimya kwa kuwa kaka hatajua? Na nitampataje tena kaka yangu?

Shangazi mtu, Tabata

*

Dada yangu wa Tabata,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Naanza na swali lako la pili kwa kuwa ndilo lenye haraka, na jibu langu ni hapana: usimpeleke binti huyu zahanati kwa siri. Chanjo yenyewe sina shaka nayo, na natamani binti huyu aipate. Lakini tazama kaka yako anaamini nini. Anaamini kwamba wapo watu wenye elimu na nafasi wanaoamua mambo ya mwili wa mwanawe bila kumshirikisha, huku wakimwonesha uso wa kawaida. Siku mtakapomchanja kimyakimya, imani hiyo itakuwa kweli tupu, na watendaji watakuwa dada yake na shemeji yake. Mtalazimika pia kumfundisha mtoto wa miaka 12 kumficha baba yake, na mtoto huyo tayari amempoteza mzazi mmoja.

Tena muda mnao. Hapa Tanzania chanjo hii ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 inatolewa kwa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ni kweli kwamba kuchanjwa mapema ni bora zaidi, lakini miezi michache utakayoitumia kurudisha uhusiano na kaka yako haitamnyima binti nafasi yake.

Sasa nije kwenye swali la kwanza, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu naona jibu lake limo ndani ya barua yako na wewe umelipita haraka. Kifo cha wifi yako umekieleza kwa sentensi mbili. Umeandika mengi kuhusu chaki na mlango wa bati, mengi kuhusu ujumbe wa dakika saba, lakini mwaka mzima wa mwanamke anayetokwa damu akirudishwa nyumbani, na mume anayeulizia majibu ya kinyama dirishani akiambiwa arudi wiki ijayo, umeuweka kwenye sentensi mbili. Simjui kaka yako na ninachosema ni kukisia. Lakini nadhani yeye bado anaishi ndani ya sentensi hizo mbili.

Wataalamu wa saikolojia wamechunguza kwa muda mrefu tabia moja ya akili ya binadamu, nayo ni kwamba jambo kubwa tunalitafutia sababu kubwa. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Clark McCauley na Susan Jacques, waliwapa watu habari ya rais aliyefyatuliwa risasi. Walioambiwa kwamba rais alikufa walielekea zaidi kuamini kwamba kulikuwa na njama kuliko walioambiwa kwamba risasi ilimkosa, ingawa mfyatuaji na kitendo vilikuwa vile vile. Uzito wa matokeo ndio uliobadilisha maoni yao kuhusu chanzo. Sasa mfikirie kaka yako. Mke wake amekufa, na sababu aliyopewa ni karatasi iliyopotea. Hakuna mume anayeweza kuweka mizani, upande huu kaburi na upande ule karatasi, akaona zimelingana. Yule daktari asiye na jina alipokuja na habari ya mpango mkubwa wa kuwamaliza wanawake wa Kiafrika, alileta kitu chenye uzito unaofanana na msiba. Ni uongo, lakini una ukubwa ambao karatasi haikuwa nao.

Nitaongeza neno moja ambalo nakuomba ulipokee kwa upole, na usimwambie kaka yako kamwe. Umeshangaa kwamba mtu aliyefiwa kwa saratani hiyo hiyo ndiye anayeikataa kinga yake. Mimi sishangai. Kuikubali chanjo ni kukubali kwamba ugonjwa ule unazuilika. Na mtu akishakubali kwamba unazuilika, usiku unaofuata atajiuliza kwa nini ule wa mkewe haukuzuiliwa, na kama yeye angemhamisha hospitali mwezi wa tatu badala ya kusubiri hadi wa tisa, au kama angeuza kitu mapema, au angepiga kelele dirishani. Njama inamwondolea maswali hayo, kwa sababu kama wenye nguvu walikwisha kupanga, fundi umeme wa Mbagala angefanya nini? Kwa hiyo ulipoandika maneno yale mbele ya watu 43, wewe ulidhani unaonesha kosa la hoja, lakini ulikuwa unagusa kidonda.

Kisha kuna suala la mtu kupoteza usukani wa maisha yake. Mwaka 2008 Jennifer Whitson na Adam Galinsky walichapisha majaribio ambamo watu waliotiwa katika hali ya kujiona hawana udhibiti walitazama picha za chengachenga zisizo na umbo lolote, na wakaona maumbo ndani yake mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Akili isiyo na pa kushika hutafuta mpangilio, na isipoupata huutengeneza. Kaka yako alipoteza kazi, akazungushwa kuhusu mafao, akampoteza mke, akamkabidhi mwanawe wa pekee wa kike kwa mtu mwingine amlee, hata kama mtu huyo ni dada yake. Hatua hiyo ya mwisho ilikuwa ya busara na ya upendo, lakini ilikuwa hasara juu ya hasara. Na angalia ni jambo gani moja la mwanawe lililobaki mikononi mwake kuamua: sahihi yake kwenye karatasi ya chanjo.

Ndiyo maana akili yake nzuri haikumkinga. Umeniuliza swali hilo kwa uchungu, nami nakujibu wazi kwamba akili ni chombo, na chombo humtumikia aliyekishika. Fundi umeme mzoefu amejengeka kutokubali kwamba taa imezimika yenyewe. Daima kuna waya mahali fulani, nyuma ya ukuta, ambao hauonekani, na kazi yake ni kuufuata. Tabia hiyo imemlisha kwa miaka 30. Akiingia nayo katika kundi ambalo kila siku linamwambia kwamba nyuma ya kila ukuta kuna waya uliofichwa, ataufuata kwa bidii kuliko mtu mvivu wa kufikiri.

Marudio nayo yana nguvu ambayo wengi hatuijui. Mwaka 1977 Lynn Hasher na wenzake waliwasomea wanafunzi wa chuo sentensi za kweli na za uongo katika vikao vitatu vilivyopishana kwa wiki mbili. Sentensi zilizorudiwa zilionekana za kweli zaidi kila kikao, zikiwemo zile za uongo, kwa sababu tu masikio yalikuwa yamezizoea. Kaka yako hahitaji wiki mbili. Ujumbe ule ule humfikia asubuhi kutoka kundi moja, mchana kutoka kundi jingine, na jioni kutoka kwa jirani, naye huona vyanzo vitatu wakati ni chanzo kimoja kinachozunguka. WhatsApp huweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliopitia mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hausambazwi kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa wakati mmoja. Watu wengi wanaiona alama hiyo wakadhani ni muhuri wa umaarufu.

Tena uongo una mbio. Watafiti watatu wa chuo cha MIT, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichunguza habari kama 126,000 zilizosambaa kwenye mtandao wa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, wakaona kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, na waliokuwa wakiisambaza zaidi ni binadamu wa kawaida, siyo mitambo. Habari za uongo zilikuwa ngeni masikioni, na ziliamsha mshangao, hofu na karaha. Baba mwenye binti wa miaka 12 akisikia neno la kufungwa kizazi, hofu humfikia kabla hajauliza ni nani anayesema.

Lipo pia suala la heshima, ambalo watu wenye ajira hulisahau kirahisi. Profesa Karen Douglas wa Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza, pamoja na wenzake, wamekuwa wakieleza kwamba imani hizi hushibisha haja tatu: ya kuelewa mambo, ya kujiona salama, na ya kuthaminiwa miongoni mwa watu. Kaka yako alikuwa baba wa ukoo katika umri wa miaka 20. Leo ni fundi anayesubiri kupigiwa simu. Katika makundi yale anaitwa ndugu, anaulizwa maoni, anashukuriwa kwa kuwaamsha wengine. Katika kundi la ukoo, usiku ule, alipigiwa makofi ya kushindwa na watoto aliowalipia ada. Sikulaumu kwa kukasirika, lakini ona matokeo yake: sasa hivi watu pekee wanaomwamkia asubuhi kwenye simu ni wale waliokuwa wakimtumia ujumbe ule.

Na nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba mashaka yake hayana msingi popote duniani. Huko Tuskegee nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya serikali ya afya iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana, ili ione ugonjwa unavyoendelea. Mwaka 2011, shirika la ujasusi la nchi hiyo hiyo lilitumia kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, Pakistan, likimtafuta Osama bin Laden, na wachanjaji wa kweli wa polio ndio waliolipa gharama ya kutoaminiwa. Na sisi wa pwani hii hatuhitaji kwenda mbali. Mimi nimekulia Magomeni, na mama yangu, mwanamke mcha Mungu asiyependa umbea, alitukataza kutembea peke yetu jua la utosini kwa kuogopa mumiani, watu waliosemwa kuwanyonya binadamu damu ili itengenezwe dawa. Uvumi huo umezunguka Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na mara nyingi ulitaja hospitali na magari ya serikali. Nilipokuwa kijana nilimcheka mama. Nilipokua nilielewa kwamba watu waliotozwa kodi na kufanyishwa kazi na watawala wasiojieleza walikuwa wanasema jambo la kweli kuhusu kunyonywa, kwa maneno yasiyo ya kweli kuhusu damu.

Lakini njama za kweli zina tabia yake, na hili kaka yako atalielewa. Ile ya Tuskegee ilifichuliwa na Peter Buxtun, mtumishi wa idara hiyo hiyo, aliyelalamika kwa wakubwa wake kwa miaka kisha akawapa waandishi wa habari maelezo, na mwaka 1972 dunia ikasoma. Kulikuwa na jina, nyaraka, na watu waliohojiwa. Ujumbe wa dakika saba hauna hata kimoja. Fundi huyu huyu asingeunganisha nyumba ya mteja kwa waya aliopewa barabarani na mtu aliyeficha uso. Siku mtakapokuwa mmepatana, muulize kama mwanafunzi wake wa zamani: Kaka, ukiambiwa waya huu una moto, unaamini au unachukua tesita ya kupimia umeme? Kisha mfuate pamoja chanzo cha ujumbe ule, nani kakutumia, yeye katumiwa na nani, daktari huyu anafanya kazi wapi. Usimfuatie wewe. Acha mkono wake ndio ushike tesita.

Zamani washauri kama mimi tuliogopa kuwapa watu ukweli unaopinga imani yao, kwa sababu utafiti wa mwaka 2010 ulionesha kwamba masahihisho yanaweza kumfanya mtu azidi kung'ang'ania. Watafiti waliorudia jambo hilo kwa maelfu ya watu, wakachapisha matokeo mwaka 2019, karibu hawakuiona hali hiyo. Kwa hiyo ukweli wako haukuwa kosa. Hata mwaka 2024 yalichapishwa majaribio ambamo zaidi ya Wamarekani 2,000 walizungumza na programu ya akili bandia kuhusu njama waliyoiamini, na imani yao ikapungua kwa wastani wa asilimia 20, ikabaki hivyo kwa miezi miwili. Programu ile iliwajibu hoja ile ile waliyoitoa wenyewe, kwa ushahidi wa kina, na mazungumzo yalikuwa ya faragha. Wewe ulijibu mbele ya wakwe.

Basi ziandae hoja zake tatu, umjibu akikuuliza. Amesema wazungu hawaitumii kwao. Australia iliwaanzishia wasichana wake mpango wa taifa mwaka 2007 na Uingereza mwaka 2008, miaka kumi kabla yetu. Huko Scotland, watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2024 hawakukuta mgonjwa hata mmoja wa saratani ya mlango wa kizazi miongoni mwa wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Amesema ni kwa wasichana tu. Australia iliwaongeza wavulana mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2019, kwa sababu HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, huambukiza jinsia zote, na sisi tumeanza na wasichana kwa kuwa saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Amesema ina dawa ya kufunga kizazi. Ndani yake kuna protini inayofanana na ganda la nje la kirusi, bila kirusi chenyewe na bila homoni yoyote. Hofu hii ya uzazi ina historia: mwaka 2014 nchini Kenya maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda ina homoni ya kuzuia mimba, na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Hadithi ni ile ile, imebadilishiwa ugonjwa. Na kama atakuambia kwamba vipimo vyote vimefanywa ughaibuni, mwambie kuhusu Mwanza, ambako wasichana 930 wa Kitanzania wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliosaidia kuonesha kwamba dozi moja inatosha.

Lakini hayo ni ya siku ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza usiitaje chanjo. Nenda Mbagala wewe mwenyewe, Jumapili, bila mume na bila mtoto. Usitume mshenga wala usiandike ujumbe. Ukifika mwamkie kama ulivyomwamkia ulipokuwa darasa la tano, umwombe radhi kwa jambo moja tu, kwamba ulilitaja kaburi la mkewe mbele ya watu. Usiombe radhi kwa ukweli wa chanjo, kwa sababu huo hujaukosea, na yeye atajua kama unadanganya. Kisha mwombe akusimulie mwaka ule wote wa ugonjwa, tangu siku ya kwanza, madirisha yote aliyosimama, kila alichoambiwa na nani. Nadhani hakuna mtu katika ukoo wenu aliyewahi kumketisha akamsikiliza mpaka mwisho. Atakapofika kwenye karatasi iliyopotea, usimpe maelezo ya hospitali. Mwambie kwamba walimkosea, kwa sababu walimkosea. Kwenye kundi la ukoo nawe andika mstari mmoja kwamba ulimvunjia kaka yako heshima, ili waliopiga makofi nao wasome.

Mkishafika hapo, hata kama ni baada ya ziara tatu, mwulize ni mhudumu gani wa afya anayemwamini, maana karibu kila mtu anaye mmoja, pengine mkunga aliyemzalisha mkewe au nesi wa zahanati ya mtaa wao. Waende wawili kwa huyo, baba na binti, na maswali yao wameyaandika. Kama bado atakataa, mshirikishe mjomba wa binti, kaka wa marehemu, kwa kuwa upande huo nao una msiba na una haki ya kusema. Na ikikaribia miaka 14 hajabadilika, niandikie tena kabla hujafanya lolote, tulitafakari upya, kwa maana hapo muda utakuwa umeanza kutubana.

Beba na chaki moja kwenye mkoba, kama ule mlango wa bati bado upo.